Duka la vifaa vya bafu pale Vigaeni, Mtwara: nimengoja msimu mzima upite ndipo niandike

Duka la vifaa vya bafu hulijui siku ya kununua. Siku hiyo kila kitu kinang'aa, taa zimepangwa juu ya masinki, na muuzaji ana maneno matamu. Utalijua maji yakishapita humo miezi kadhaa, mikono ya watu usiowajua ikishafungua na kufunga, na chumvi ya pwani ikishafanya kazi yake. Ndiyo maana nimengoja. Nililipia mzigo Aprili 2024, nikafunga Juni, msimu wa korosho ukaja na wageni wake ukaondoka, na masika mengine yameshapita. Sasa nina la kusema.

Nina nyumba ya kulala wageni hapa Chuno, vyumba saba, kila chumba na choo chake. Minada ya korosho ikianza Oktoba huwa nimejaa: madereva wa malori, makarani wa maghala, wanunuzi na watu wao. Miezi mingine nawapata ndugu wanaouguza wagonjwa hospitali ya Ligula, watu wa harusi, watu wa msiba. Mgeni amelipa elfu ishirini na tano, kisha bomba linadondosha tone, tone, tone usiku kucha. Asubuhi hakulaumu. Anakuaga kwa adabu, anakushukuru, na humwoni tena. Kwangu bomba linalovuja ni riziki inayovuja, kwa hiyo naomba mnivumilie nikiyaeleza haya kwa urefu.

Nyumba niliijenga 2013, katika vuguvugu la gesi. Wakati ule kila mwenye kiwanja Mtwara alikuwa anafyatua tofali, na maduka ya vifaa vya ujenzi yaliota kama uyoga. Kabla ya hapo, ukitaka choo cha kukaa cha kueleweka ulikifuata Gerezani, Dar es Salaam, ukakifunga kwa magodoro kwenye buti la basi na kuomba Mungu kisipasuke njiani. Kwa hiyo maduka yalipofika hapa kwetu tulifurahi mno, na katika furaha hiyo hatukuuliza maswali. Nilinunua kila kitu saba saba kutoka duka moja la mjini ambalo leo halipo. Mabomba ya sinki yalikuwa elfu kumi na nane kila moja, yanang'aa kama kioo.

Mwaka wa pili kromu ikaanza kuvimba, malengelenge kama ya mtu aliyeungua. Ukibandua, ndani unakuta kitu cha kijivu kinachomomonyoka kwa kucha. Mshikio wa chumba cha tano ulimkatikia mgeni mkononi na maji yakamrukia usoni. Nilirudi dukani kutafuta kipuri, nikaambiwa vipuri havipo, ninunue bomba jipya. Nikanunua jipya la namna ile ile, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Katika miaka kumi nilibadilisha seti nzima mara tatu. Ukipiga hesabu ya mabomba peke yake ni laki tatu na sabini na nane elfu. Ongeza elfu kumi ya fundi kwa kila bomba kila mara, jumla inafika 588,000. Kwa hela hiyo leo nimepata mabomba saba ya elfu sitini na tano na chenji ikabaki.

Sasa duka lenyewe. Liko Vigaeni, upande wa kuelekea sokoni, lina vioo mbele na ngazi tatu za kupandia. (Jina Vigaeni lilikuwapo kabla ya hata duka moja la marumaru, nalisikia tangu utoto wangu. Naona limepata wenyewe.) Fundi wangu wa zamani alinikataza nisiende, alidai wanauza ghali na vitu vyao ni vilevile. Baadaye nikaja kuelewa alichokuwa anasema: mwenye duka huyu hatoi cha juu. Maduka mengi yanampa fundi chake kwa kila mteja anayemleta, na hicho chake kinaongezwa kwenye bei unayolipa wewe. Yeye hampi fundi senti. Bei ni ile ile uje peke yako au uje na mafundi watatu. Basi mafundi wengine hawamtaji.

Mwenyewe ni mama wa makamo, na siku niliyoingia alikuwa kaunta. Baada ya salamu, swali lake la kwanza halikuwa nina shilingi ngapi. Aliniuliza, "Dada, maji yako ni ya bomba au ya kisima?"

Nilishangaa. Nimenunua vifaa miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia nachanganya: ya bomba yanajaza simtanki, yakikatika tunavuta ya kisima, na kisima changu kina chumvi kidogo. Akainama chini ya kaunta akatoa mabomba matatu yaliyokatwa katikati kwa msumeno, mtu aone matumbo yake. Juu yote matatu ni mamoja, kromu ile ile. Ndani, la kwanza lilikuwa la manjano, la pili la kijivu, la tatu jeupe.

"Shika hili. Haya, shika na hili."

"Hili zito," nikasema.

"Hiyo ni brasi, shaba ya manjano. Hilo jepesi ni zinki. La tatu ni plastiki iliyopakwa. Yote nauza, dada, maana kila mtu na mfuko wake. Lakini kwa maji uliyonieleza, zinki itakulia hela yako."

Kwenye pochi nilikuwa na sumaku, kwa kuwa niliwahi kuelezwa kwamba bomba zuri halishikwi na sumaku. Akaniambia nijaribu. Brasi haikushikwa. Zinki nayo haikushikwa. Plastiki ndiyo kabisa. Kumbe sumaku inakukamatia chuma tu. Kati ya brasi na zinki haikusaidii. Kinachosaidia ni uzito: brasi ni nzito kuliko zinki kwa zaidi ya robo, umbo likiwa lile lile. Akaweka mzani mdogo wa jikoni kaunta, tukapima mawili yanayofanana. Sijawahi kuondoka dukani nimejifunza kiasi hicho, na siku hiyo sikununua hata msumari.

Siku ya pili nilikwenda kwa ajili ya vyoo, wakakataa kuniuzia. Kijana wa vyoo aliniuliza bomba la kutolea uchafu kwangu linashuka sakafuni au linatoka ukutani, na kama linashuka, kutoka ukutani hadi katikati ya tundu ni sentimita ngapi. Sikujua. Akanipa futi ya kuazima, akasema, "Mama, nenda kapime kwanza, choo hakirudi kikishatiwa saruji." Nikapima. Vyumba vitano bomba linashuka sakafuni, viwili linatoka ukutani, maana hivyo viwili niliviongeza mwaka uliofuata kwa fundi mwingine. Vyoo vyao vingi vya kushuka chini vinataka sentimita 30. Viwili vyangu vilikuwa na 22. Ningenunua saba vinavyofanana, kama nilivyokusudia, vinne ningevitazama tu.

Choo chenyewe wanakuonyesha namna ya kukikagua. Kwanza unatia kidole kwenye ile kona ya ndani uchafu unakopita, usikie kama kauri ni laini mpaka huko. Vya bei ya chini vinapakwa mbele tu, ndani vinakwaruza, na hapo ndipo uchafu unaponasa. Kisha wanakigeuza, wanadondosha tone la wino kwenye ukingo wa chini usiopakwa, wanasubiri, wanafuta. Kauri iliyochomwa vizuri hainywi maji, isipokuwa kidogo mno, chini ya nusu ya asilimia ya uzito wake, kwa hiyo wino unafutika. Kwenye kimoja cha kando wino ulizama ukaacha doa. Kile bei yake ilikuwa nusu, na doa aliliacha makusudi liendelee kuonekana.

Makatoni ya vyoo vilivyokuwapo yalikuwa ya nchi mbili tu. China, mengi yameandikwa Chaozhou, mji wa mkoa wa Guangdong ambako wamekuwa mafundi wa kauri tangu enzi. Na India, yameandikwa Morbi, Gujarat. Nilichukua vya Morbi vitano na vya China viwili kwa ajili ya vile vyumba vya ukutani. Mpaka leo sioni cha kuvitofautisha, ila vifuniko vya Morbi vinafunga polepole bila kupiga kishindo, na wageni wa chumba cha jirani wananishukuru.

Tofauti kubwa niliiona kwenye maji. Matanki yangu ya zamani yalikuwa yanamwaga lita tisa kila unapoflashi, uwe umekwenda haja ndogo au kubwa. Haya yana vitufe viwili, lita tatu na lita sita. Chukulia kila chumba kinaflashi mara nane kwa siku: zamani vyumba saba vilikuwa vinameza lita 504. Sasa, kama mara tano ni kitufe kidogo na tatu ni kikubwa, ni lita 231. Kwa simtanki la lita 2,000 na maji yanayokuja kwa zamu, hizo lita 273 ni shuka zilizofuliwa, ni mgeni wa saa nne usiku aliyetoka Masasi na vumbi lake akakuta maji. Nimebandika karatasi kila choo inayoeleza kitufe kipi ni cha nini, maana mara ya kwanza watu wanabonyeza vyote kwa pamoja.

Marumaru sitakaa nayo sana. Nilichukua ya sakafu isiyoteleza kutoka kiwanda cha Goodwill cha Mkuranga, na ya ukutani ya Twyford, Chalinze. Zote mbili zimetulia. Lakini kuna jambo lilinigusa na sina budi kulisema. Gesi yetu inachimbwa Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, inaingia kwenye bomba la inchi 36 na kusafiri kuelekea Dar es Salaam. Njiani inakutana na ya Songo Songo, na inapopita Mkuranga kiwanda kinaichukua kuchomea vigae. Kisha vigae vinapakiwa kwenye lori vinarudi Mtwara kwa barabara ile ile, na mimi nalipia nauli ya kwenda na kurudi. Mwaka 2013 watu hapa waliumia kwa ajili ya gesi hiyo. Nimefurahi kuona kwamba nchi inatengeneza vigae vyake na hatungoji tena meli. Ila vyoo, masinki na mabomba niliyoyaona dukani yanatoka ng'ambo, na hata hayo yanashukia Dar es Salaam, kisha yanasafirishwa kilomita zaidi ya mia tano na hamsini kwa lori, ilhali hapa tuna bandari yenye kina, na meli zinakuja kufuata korosho. Kiwanda kimoja cha kauri huku kusini, chenye gesi mlangoni, nakitamani kwa moyo wote. Hata kikianza na masinki ya kunawia tu.

Safari hiyo ndefu ya lori ilinikuta na mimi. Nilikuwa nimelipa nusu, mzigo uko njiani, Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja na mvua zile, barabara ikakatika Somanga. Malori yakapanga foleni huku na huku. Nakumbuka nilikaa barazani nikiangalia vyumba vitatu nilivyokwisha kubomoa, vumbi la saruji limejaa vitandani, na hela ya watu imekwisha. Mwenye duka alinipigia simu mwenyewe, sikumpigia mimi. Akasema, "Dada, gari langu liko ng'ambo ya Somanga, dereva yuko salama, vitu viko salama, siku sizijui. Ukitaka hela yako njoo uchukue leo." Sikwenda kuchukua. Mtu akikuambia kweli wakati kweli inamgharimu, huyo unamsubiri. Mzigo ulifika baada ya wiki mbili na ushei.

Ulifika na dosari. Mfuniko wa tanki moja ulikuwa na ufa, na sinki moja limemeguka pembeni. Sinki walibadilisha siku ile ile. Mfuniko ulichukua siku tisa, kwa kuwa walikuwa nao wa rangi nyingine tu. Kirikuu cha kuleta nyumbani nililipia mimi, elfu kumi na tano kwa mwendo wa dakika kumi; nadhani kwa mzigo wa zaidi ya milioni mbili wangeweza kuubeba wao. Nimewaambia, na hapa narudia.

Nije kwenye droo. Mimi nawasifu kwa ajili ya droo, wasingekuwa na droo ningeandika mistari mitatu tu. Nyuma ya kaunta kuna kabati la droo ndogo ndogo za kijani, kama la duka la dawa za asili. Humo mna katriji (ule moyo wa bomba unaofungua na kufunga maji), washa za mpira, vitufe vya kuflashi, maboya ya tanki, mipira ya fleksibo, vibomba vya kujisafishia na koki zake ndogo. Kila droo ina kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono: kipuri hiki ni cha bomba lipi, tuliliuza kuanzia mwaka gani. Januari, msimu umepamba moto, mgeni wa chumba cha pili alivunja kitufe cha kuflashi. Zamani hiyo ingekuwa tanki zima. Nilikwenda na kitufe kilichovunjika, nikarudi na kingine kwa elfu kumi na mbili, kabla mgeni hajamaliza chai. Februari bomba la chumba cha nne lilianza tone lake. Fundi, kijana aliyesomea chuo cha ufundi cha VETA hapa hapa, alilifungua akanipa katriji, nikaifunga kwenye leso nikaenda nayo. Kijana wa droo akaipima, milimita 35, akanipa nyingine kwa elfu saba. Bomba ni lile lile la brasi, limebadilishwa moyo tu.

Haya ndiyo tuliyoyakosa tangu 2013. Vitu viliongezeka, maduka yakaongezeka, rangi zikaongezeka mpaka masinki meusi yakaja, lakini kipuri hakikuja. Mfanyabiashara hapati faida kubwa kwenye washa ya mia tano, na ameweka hela yake imelala kwenye droo. Huyu mama ameilaza. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia anayeuza bomba bila kipuri amemwuzia mtu nusu ya bomba.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa bila kuombwa, na nyuma yake wameandika kwa kalamu na kugonga muhuri: katriji na mashine ya ndani ya tanki, dhamana ya mwaka mmoja. Sijalazimika kuitumia ila kwa ile katriji ya Februari, ambayo kumbe ilikuwa bado ndani ya muda. Nililipa elfu saba kwa kusahau. Wiki iliyofuata kijana aliiona tarehe kwenye kitabu chao akanirudishia kwa simu.

Nina malalamiko matatu zaidi na nayasema kwa kuwa nalipenda duka hili.

Vyoo vya kuchuchumaa. Walikuwa na aina moja tu, ya plastiki, imewekwa kona ya giza nyuma ya ngazi. Wageni wangu wengi, hasa wazee wanaotoka Tandahimba na Newala, hawataki choo cha kukaa. Wengine wanapanda juu yake kwa miguu, na siku kitakapopasuka mtu ataumia vibaya. Nilitaka vyumba viwili viwe na choo kizuri cha kuchuchumaa, cha kauri, chenye tanki lake la juu. Nimengoja mpaka Machi ndipo vikaja, baada ya kuulizia mara nne. Watu wetu wengi ndivyo wanavyotumia. Havistahili kukaa kona.

La pili, kijana mmoja wa mbele, wa upande wa vioo, alinifuata mara mbili na kibanda cha kuogea cha kioo. Nilimweleza kisima changu, nikamweleza chumvi, akaendelea. Maji ya chumvi kwenye kioo yanaacha ukungu ambao hautoki kwa wiki. Mama wa duka anajua hivyo. Kijana wake hajafundishwa.

La tatu si lao peke yao. Karatasi za maelekezo ndani ya makatoni zina Kichina, Kiingereza, nyingine Kiarabu. Kiswahili hakuna. Fundi wangu anajua kazi, ila alikisia jinsi ya kurekebisha boya la tanki la Morbi, na siku tatu maji yalimwagika bure. Niliwaambia waandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila aina wanayouza, wautie picha. Mama alisema ataufanya. Wa tanki la Morbi umeshatoka, nimeuona umebandikwa ukutani, na mshale umechorwa kwa kalamu nyekundu mahali pa kuzungusha. Kurasa nyingine nazisubiri.

Bei, mtaniuliza. Bomba la sinki la brasi, 65,000. Choo cha Morbi na tanki lake, 285,000. Kibomba cha kujisafishia chenye koki ya brasi, 28,000. Kile cha plastiki cha elfu nane msikichukue, kinapasuka shingoni na kinaweza kufurisha chumba mgeni akiwa ametoka. Mnaweza kupata kwa bei ya chini kidogo mkizunguka mjini. Mimi nilizunguka miaka kumi.

Jumapili wanafunga. Siku za wiki nendeni asubuhi kabla ya saa nne, mama mwenyewe akiwa kaunta, na mkapime kwanza nyumbani. Katriji za milimita 35 juzi zilikuwa zimebaki chache kwenye droo. Nimechukua mbili tu ili na wengine wapate, Oktoba haiko mbali.